Dumu Lenye Mfuniko

Mshale wa joto ulipanda kabla mimi sijaupanda mlima.
Barabara ya Kibosho, saa moja asubuhi,
trei tisa za mayai kiti cha nyuma,
na mvuke ukafumuka chini ya boneti
kama sufuria iliyosahaulika jikoni.
Watoto wa shule wakasimama kutazama.
Mmoja akasema, "Mama, gari lako linapika."
Kweli lilikuwa linapika. Lilikuwa linajipika lenyewe.

Kosa nililinunua Machi,
kwenye gereji moja karibu na soko la Mbuyuni.
Fundi Valerian, ulimi wa asali, pete kidoleni,
hakuuliza gari lina nini; aliuliza nina ngapi.
Akachomoa thamostati, akaitupa kwenye ndoo:
"Kidude hiki ni cha nchi za baridi, mama."
(Nami nimezaliwa Uru, Julai, nikiwa nimefungwa mablanketi matatu.)
Akajaza maji ya bomba hadi yakamwagika,
akalipiga gari kofi la mgongoni
kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyekwisha kumuuza.
Nikalipa. Nikaongeza na ya soda.

Maji ya bomba hayapigi kelele.
Yanakaa humo miezi, yanakula chuma
kama deni la kikoba ambalo hukuliandika.
Chupa ya akiba ikageuka rangi ya matope,
nikadhani ndiyo rangi yake.

Nilivutwa kwa kamba hadi Njoro, kwa Senkoro,
Mpare wa Usangi, mchache wa maneno kiasi cha kuudhi.
Nikapeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta.
Akaudaka hewani. "Bado."
Akakunja shati: kiwiko hadi kiganja
ngozi ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyoloa ikakauka.
"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Na haraka."

Tukangoja dakika arobaini.
Nikahesabu mayai yaliyopasuka: kumi na saba.

Injini ilipopoa ndipo akafungua.
Akamwaga kutu, akasuuza, akamwaga,
akasuuza tena, mpaka maji yakatoka meupe.
Akaandika kwenye daftari la mraba:
thamostati, mpira wa juu, kulanti lita nne.
"Pampu ni nzima. Usinunue.
Hedi haijapinda, una bahati.
Na usije ukachanganya nyekundu na kijani,
hao ni wake wenza wa ugomvi,
watakusongea uji ndani ya rejeta."

Nilimsikia. Kumwamini, hapana.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi,
nami unyasi wenye risiti ndio unaonitisha zaidi.

Lakini pembeni palikuwa na Land Cruiser ya watu wengine,
na chini yake kulanti chakavu ikichuruzika kwenye beseni.
Senkoro akaimimina kwenye dumu, tone kwa tone,
akakaza mfuniko, akaufunga kwa mpira wa tairi.
Mtaro ulikuwa hatua mbili tu. Nikauliza kwa nini.

"Tamu," akasema.
"Mbwa wa Mama Ndeshi anaipenda.
Akiilamba hana kesho."

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala kivulini,
sikio moja, mbavu za kuhesabika,
hana gari, hana bili,
hana mtu wa kumsifia fundi kwa majirani.

Nikatoa funguo mfukoni, nikampa.

Siku hizi kila Jumapili kabla ya ibada,
gari likiwa baridi kama jiwe la mtoni,
nafungua boneti, nainama na kitenge changu:
nyekundu kama juisi ya choya,
katikati ya mistari miwili, haijapungua.
Kisha naenda kuimba na vidole vyangu vyenye vumbi.

Siku ile nilimpa mayai mawili, ya shukrani.
Akayapokea kwa mikono yote miwili,
akafungua daftari,
akayakata kwenye bili: mia tisa.